Siku ya Kwanza ya Kuwinda Bata Bukini kwa Mashua Ndogo: Sheria na Tahadhari Zinazoongoza Msimu Nchini Marekani

Na Mwandishi Wetu

Nchini Marekani, siku ya kufunguliwa kwa msimu wa kuwinda bata bukini hutangazwa na mamlaka za Serikali miezi kadhaa kabla. Tangazo hilo hutaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa ambazo bunduki inaruhusiwa kulia, idadi ya ndege ambayo mtu mmoja anaweza kuchukua kwa siku, na masharti ya chombo anachotumia majini. Mwananchi asiyelisoma tangazo hilo na akaingia ziwani au ghubani na bunduki yake anaweza kutenda kosa bila kujua.

Makala haya yanafafanua namna siku hiyo inavyopangwa, kwa nini sheria inaitazama mashua ndogo kwa jicho kali, na hatari inayowakabili wanaoitumia. Mfano mkuu umechukuliwa kutoka Ghuba ya Chesapeake, katika Jimbo la Maryland, ambako uwindaji wa ndege wa majini una historia ndefu na ambako msimu uliwahi kufungwa kabisa ili ndege wasimalizike.

Msingi wa utaratibu huo ni mkataba uliotiwa saini mwaka 1916 kati ya Marekani na Uingereza, ambayo ilisaini kwa niaba ya Kanada. Ndege wanaohama hawana uraia: huangua makinda Kanada na kupitisha majira ya baridi Marekani, hivyo nchi moja haiwezi kuwalinda peke yake. Mwaka 1918 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuutekeleza mkataba huo. Jimbo la Missouri lilipinga, likidai kuwa wanyamapori walio ndani ya mipaka yake ni mali yake. Mwaka 1920 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa Serikali ya Shirikisho ina mamlaka hayo kwa nguvu ya mkataba. Jaji Oliver Wendell Holmes ndiye aliyeandika uamuzi huo, na wanafunzi wa sheria ya katiba wanausoma hadi leo. Ni jambo la kutafakari kwamba hoja nzito ya mgawanyo wa madaraka ilizaliwa na mzozo kuhusu bata.

Kwa mujibu wa utaratibu uliojengwa juu ya mkataba huo, uwindaji wa ndege hao hauwezi kufanyika nje ya kipindi cha kati ya Septemba 1 na Machi 10, wala msimu wa aina moja ya ndege mahali pamoja hauwezi kuzidi siku 107. Ndani ya mipaka hiyo, Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Serikali ya Shirikisho hutoa kila mwaka viwango vya juu kabisa vinavyokubalika. Kila jimbo huchagua tarehe zake ndani ya viwango hivyo. Jimbo linaweza kuwa na masharti makali zaidi, lakini haliruhusiwi kuyalegeza. Usimamizi wenyewe umegawanywa kwa kufuata njia kuu nne za uhamaji wa ndege: ya Atlantiki, ya Mississippi, ya Kati na ya Pasifiki. Hii ndiyo sababu siku ya kwanza ya msimu katika jimbo moja inaweza kutofautiana kwa miezi na ile ya jimbo jingine.

Chesapeake inaonesha vizuri uzito wa tarehe hizo. Bata bukini wa Kanada wanaopitisha majira ya baridi katika ghuba hiyo huzaliana katika Rasi ya Ungava, kaskazini mwa Jimbo la Quebec, mahali ambapo theluji ikichelewa kuyeyuka mayai ya mwaka mzima yanaweza kupotea. Bata bukini pia huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa. Kwa hiyo ndege hao wakipungua, kurejea kwao hakuwezi kuharakishwa kwa agizo lolote. Mwaka 1988 wataalamu walikadiria kuwapo kwa jozi 118,000 za ndege wanaozaliana katika eneo hilo. Kufikia mwaka 1995 jozi hizo zilikuwa 29,000. Hali mbaya ya hewa wakati wa kuangua ilikuwa imekutana na uwindaji uliozidi kiasi.

Mwaka huohuo wa 1995 msimu ulifungwa. Kwa wakazi wa upande wa mashariki wa ghuba hiyo, uamuzi huo haukuwa mwepesi. Waongozaji wa wawindaji, wenye nyumba za wageni, wakulima waliokodisha mashamba yao na mafundi waliochonga bata wa bandia wote walipoteza kipato. Katika Maryland, uwindaji wa ndege hao wahamaji ulirudishwa kwa kiasi kidogo mwaka 2001. Baada ya majira mabaya ya uzazi mwaka 2018, mamlaka hazikusubiri tena hadi idadi iporomoke. Kuanzia msimu wa 2019/2020 siku za kuwinda zilipunguzwa hadi 30, na kiwango cha mtu mmoja kwa siku kikashushwa kutoka ndege wawili hadi mmoja. Mtu huamka usiku wa manane, husukuma mashua kwenye baridi kali na hukaa kimya kwa saa nyingi kwa ajili ya ndege mmoja. Akishampata, siku yake ya kuwinda bata bukini imekwisha.

Hapa inafaa kuondoa mkanganyiko mmoja. Mtu anayetembelea miji ya mashariki mwa Marekani huwaona bata bukini kila mahali, kwenye bustani, viwanja vya gofu na kingo za mabwawa, na anaweza kujiuliza ni upungufu gani unaozungumzwa. Ndege hao wa mjini ni kundi tofauti, lisilohama. Sehemu ya asili yao inatokana na sheria yenyewe. Zamani wawindaji walifuga bata bukini hai na kuwafunga kamba majini ili sauti zao ziwavute wenzao wa porini. Mwaka 1935 matumizi ya chambo hai yalipigwa marufuku, na wengi wa ndege hao wa kufugwa wakaachiwa huru. Hawakuwa wamefundishwa njia ya kwenda kaskazini na wazazi wao, wakabaki na kuzaana walipoachiwa. Ndiyo maana majimbo mengi yana msimu wa mapema, Septemba, unaowalenga wao wakati wahamaji bado hawajawasili, na kiwango chake cha kila siku ni kikubwa zaidi.

Kuwatofautisha ndege hao kwa macho ni vigumu hata kwa mtaalamu. Januari 15, 2009, ndege ya abiria iliyokuwa imeruka kutoka New York iligongana na kundi la bata bukini, injini zake zote mbili zikapoteza nguvu, na rubani akaishusha katika Mto Hudson. Watu wote 155 waliokuwamo walinusurika. Wanasayansi wa Taasisi ya Smithsonian walichunguza mabaki ya manyoya yaliyokutwa katika injini na kubaini kwa vipimo vya kikemia kwamba ndege hao walikuwa wahamaji kutoka kaskazini. Hawakuwa wakazi wa jiji, kama wengi walivyodhani.

Tukirejea kwenye mashua, sheria inaitazama kwa tahadhari kwa sababu ya historia yake. Katika karne ya 19 nyama ya bata wa porini iliuzwa kwa wingi katika masoko ya Baltimore, Philadelphia na New York. Wawindaji wa biashara walitumia mitumbwi mipana na mifupi ya kina, iliyofungwa bunduki kubwa mno kubebwa mabegani. Bunduki moja ya namna hiyo iliweza kuua makumi ya ndege kwa mlio mmoja, tena usiku, ndege wakiwa wamelala juu ya maji. Chombo kingine kilikuwa sanduku lililozamishwa hadi ukingo wake ukawa sawa na uso wa maji, mwindaji akilala ndani yake chini ya usawa wa maji, amezungukwa na mamia ya bata wa bandia. Katika maji mapana yaliyo karibu na mji wa Havre de Grace, ambako Mto Susquehanna unaingia ghubani, masanduku hayo yalivuna ndege kwa kiasi ambacho leo ni vigumu kukisadiki. Bunduki hizo kubwa ziliondolewa kisheria, na masanduku ya kuzama yalipigwa marufuku mwaka 1935.

Mashua ya kulalia inayotumika sasa inafanana na sanduku hilo kwa mbali, na wageni wengi huchanganya vitu hivyo viwili. Tofauti iko kwenye mstari wa maji. Sheria inakataza chombo chenye shimo linalomficha mwindaji chini ya usawa wa maji. Mashua inayoelea juu, hata ikiwa fupi ya kimo na imepakwa rangi ya matope, inaruhusiwa. Katika pwani ya New Jersey, nahodha Hazelton Seaman alibuni mwaka 1836 mashua ya mtu mmoja iliyofunikwa sitaha karibu yote, ikaachwa tundu dogo la kukalia. Huezekwa kwa nyasi za kinamasi, na kutoka mbali huonekana kama kichuguu cha majani. Umbo lake linaendelea kuigwa hadi sasa.

Sharti linalowakamata wengi linahusu mwendo. Hairuhusiwi kumpiga ndege kutoka kwenye chombo cha injini au tanga mpaka injini izimwe, tanga likunjwe, na mwendo uliotokana na nguvu hiyo ukome kabisa. Kuzima injini na kufyatua huku mashua bado inateleza ni kosa. Mashua inayosukumwa kwa makasia au upondo haimo katika katazo hilo. Chombo cha injini kinaweza kutumika kuokota ndege aliyekwisha kufa au aliyejeruhiwa, lakini kwa kawaida hairuhusiwi kumpiga majeruhi huyo huku chombo kikiendeshwa. Lengo la sheria ni rahisi kulielewa: injini humpa mwindaji uwezo wa kulifukuza kundi, na kundi linalofukuzwa kutwa nzima halili wala halipumziki.

Kabla ya siku ya kwanza, mwindaji anatakiwa kuwa na leseni ya jimbo, kujiandikisha katika mpango wa kitaifa wa takwimu za mavuno ya ndege wahamaji, na, akiwa na umri wa miaka 16 au zaidi, kununua stempu ya bata ya Serikali ya Shirikisho. Stempu hiyo ilianzishwa mwaka 1934 kwa bei ya dola 1. Mchoro wa kwanza ulichorwa na Jay Darling, mchora katuni wa magazeti ambaye wakati huo alikuwa amepewa kuongoza idara ya wanyamapori. Bei yake imekuwa dola 25 tangu mwaka 2015. Takriban senti 98 za kila dola hutumika kununua au kukodi ardhioevu, na kwa jumla mfuko huo umekwishakusanya zaidi ya dola bilioni 1 na kuhifadhi zaidi ya ekari milioni 6. Mtu asiyewinda anaweza pia kuinunua, na wapo wengi wanaofanya hivyo kwa kupenda ndege au kwa kukusanya stempu tu.

Bunduki inayoruhusiwa ni shotigani isiyozidi geji 10, iliyowekewa kizibo ili isibebe zaidi ya risasi tatu kwa mpigo. Marisau yake hayaruhusiwi kuwa ya madini ya risasi. Katazo hilo lilianza kutekelezwa kwa awamu mwaka 1987 na kuenea nchi nzima mwaka 1991. Bata na bata bukini humeza changarawe ili firigisi zisage chakula, na hawawezi kutofautisha changarawe na marisau yaliyozama kwenye tope. Ndege aliyemeza marisau machache ya risasi hudhoofika na kufa kwa sumu. Tai anayemla mzoga huo naye hudhurika. Marisau ya chuma ni mepesi na hupoteza nguvu mapema angani, hivyo mwindaji analazimika kusubiri ndege asogee karibu. Walioyazoea marisau ya zamani walilalamika sana. Wengine huendelea kupiga kutoka mbali, na matokeo yake ni ndege majeruhi wasiopatikana.

Ni marufuku pia kutumia sauti za ndege zilizorekodiwa katika msimu wa kawaida, au kumwaga nafaka ili kuwavuta. Eneo lililomwagiwa nafaka huhesabiwa kuwa na chambo hadi zipite siku 10 baada ya nafaka yote kuondolewa. Mabaki ya mahindi yaliyodondoka shambani wakati wa kuvuna kwa kawaida hayahesabiwi, na kwa kweli wawindaji wengi wa Maryland huwinda kwenye mashamba hayo. Wanaochagua mashua ni wale wanaovizia vijito na vihori ambako ndege hurudi kunywa na kulala.

Saa halali huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kukoma jua linapozama. Mwezi wa Desemba jua la Chesapeake huchomoza baada ya saa moja asubuhi, kwa hiyo kazi ya kushusha mashua, kupanga bata wa bandia na kutia nanga hufanyika gizani. Hapa ndipo penye hatari kubwa, na mamlaka za usalama wa majini hazichoki kulisema hilo. Mashua ni ndogo na imejaa: watu wawili, mbwa, magunia ya bata wa bandia, nanga, bunduki na mavazi mazito. Ukingo wake uko sentimita chache tu juu ya maji. Mtu akisimama ghafla kufyatua upande mmoja, au mbwa akiruka kumfuata ndege, uzito huhama na mashua hupinduka. Ndiyo sababu bunduki hutakiwa kubaki bila risasi na ndani ya mfuko wake mpaka mashua itie nanga, na wawindaji hukubaliana mapema nani anapiga upande wa omo na nani upande wa tezi.

Maji ya wakati huo huwa chini ya nyuzi joto 10. Wataalamu wa uokoaji wanafundisha kanuni ya moja, kumi, moja. Anayetumbukia ana takriban dakika moja ya kudhibiti pumzi yake kutokana na mshtuko wa baridi, dakika kumi ambazo mikono na miguu bado vinamtii, na saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Wengi hawafiki hata kwenye dakika kumi, kwa kuwa mtu asiye na jaketi okozi huvuta maji katika dakika ile ya kwanza. Sheria ya shirikisho inadai kila aliyemo awe na jaketi lake ndani ya chombo. Kwa maoni ya mwandishi, sharti hilo ni dogo mno kwa mazingira haya: jaketi lililokaliwa kama mto haliwezi kuvaliwa ndani ya maji ya baridi na vidole vilivyokufa ganzi.

Hali ya hewa nayo huua. Novemba 11, 1940 ilikuwa sikukuu, na asubuhi ilikuwa ya joto katika majimbo ya kati. Wawindaji wengi wa bata walitoka na mashua zao kwenda visiwani katika Mto Mississippi, kusini mashariki mwa Minnesota, wakiwa na nguo nyepesi. Mchana dhoruba ya theluji iliingia kwa kasi. Bata walishuka kwa makundi wakikimbia upepo, na inasimuliwa kuwa wapo waliobaki kwa sababu hawakuwahi kuona siku nzuri ya kuwinda kama ile. Mawimbi yalipofunga njia ya kurudi, walilazimika kulala visiwani wakiwa wamelowa. Zaidi ya watu 140 walifariki katika dhoruba hiyo katika majimbo mbalimbali, wakiwamo wawindaji wengi. Siku iliyofuata rubani Max Conrad wa mji wa Winona aliruka kwa ndege yake ndogo juu ya mto kuwatafuta walionusurika, akiwadondoshea chakula na viberiti na kuwaelekeza waokoaji walipo.

Ndege akishapigwa, mwindaji analazimika kisheria kujitahidi kumpata, na anapomsafirisha ni lazima aache kichwa au bawa moja lenye manyoya ili askari wa wanyamapori aweze kutambua aina yake. Akikuta pete ya chuma mguuni, huombwa kutoa taarifa ya namba yake kwa maabara ya taifa ya kuvisha ndege pete, iliyoko Patuxent, Maryland. Taarifa hizo huwawezesha wataalamu kukadiria ni ndege wangapi wanavunwa na wangapi wanabaki, na hatimaye huathiri idadi ya siku zitakazotangazwa mwaka unaofuata. Tangu virusi vya mafua makali ya ndege aina ya H5N1 vilipoingia Amerika Kaskazini mwishoni mwa mwaka 2021, wawindaji pia wanashauriwa kutomgusa ndege aliyekutwa mgonjwa au amekufa, kuvaa glavu wanapochinja na kunyonyoa, na kupika nyama hadi ifikie nyuzi joto 74.

Kwa wasomaji wa Tanzania, jambo hili halipo mbali kama linavyoweza kuonekana. Bata bukini wa Misri, na yule mkubwa kuliko bata wote wa Afrika, mwenye mwiba kwenye bawa, huonekana katika maziwa na mabwawa yetu. Tanzania imo katika Mkataba wa Uhifadhi wa Ndege wa Majini Wanaohama baina ya Afrika na Ulaya na Asia tangu mwaka 1999, na mkataba huo unazitaka nchi wanachama kuondokana na marisau ya madini ya risasi katika ardhioevu. Bonde la Kilombero, Ziwa Natron, Malagarasi-Muyovozi na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa yanatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kuwinda ndege wa porini bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mtanzania anayeishi Marekani na kualikwa kushiriki siku ya kwanza ya msimu anashauriwa kusoma kwanza tangazo la jimbo analoishi, kwa kuwa masharti ya leseni na ya umiliki wa silaha kwa asiye raia yana taratibu zake, na hayafanani na ya mwenyeji aliyemwalika.